Maktaba ya skuli haiwaki yenyewe umeme unaporudi (Debian 12)

Mwalimu wa Wete

Assalaamu alaykum ndugu zangu.

Ninafundisha sayansi katika skuli moja ya sekondari hapa Wete, Pemba, na tangu mwanzo wa mwaka nimekabidhiwa chumba cha kompyuta. Intaneti yetu ni ya vifurushi na haitoshi darasa zima, kwa hiyo tuliamua kuweka maktaba ya ndani: kompyuta moja kongwe ya mezani yenye Debian 12 (mfumo wa Linux), diski ya nje ya USB iliyobeba Wikipedia ya Kiswahili pamoja na vitabu vya sayansi, na programu ya Kiwix ambayo inawawezesha wanafunzi kuvisoma kwa simu zao kupitia rauta, bila ya kutumia intaneti hata kidogo. Tangu tuianzishe, wanafunzi wanakuja chumbani kabla ya kengele ya kwanza, jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yangu ya kusomesha.

Tatizo ni umeme. Ukikatika usiku na kurudi alfajiri, mara nyingi kompyuta naikuta imewaka, lakini maktaba haipo mpaka nifike mwenyewe, niingie kwa jina langu na neno la siri, kisha nifungue terminali na kuandika amri ya kuiwasha. Siku ninayokuwa Chake Chake kwa mkutano, wanafunzi hukaa bure. Ninataka maktaba iwake pamoja na mashine, bila ya mtu yeyote kugusa kitu.

Nilisoma kwamba inafaa kuandika faili la huduma la systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za mashine), nami nikaandika hili katika `/etc/systemd/system/maktaba.service`:

```
[Unit]
Description=Maktaba ya skuli
After=network.target

[Service]
ExecStart=/usr/bin/kiwix-serve --daemon --port=8080 /media/mwalimu/MAKTABA/wikipedia_sw.zim
Restart=on-failure

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Baada ya hapo nilitoa amri ya `systemctl daemon-reload`, kisha `systemctl enable maktaba`. Kinachonitatiza ni kwamba nikiiwasha mashine upya, `systemctl status maktaba` inaniambia huduma imeshindwa, kwa maandishi mekundu, na kwamba imejaribiwa mara nyingi kwa haraka mno. Lakini nikiiwasha kwa mkono kwa `systemctl start maktaba` baada ya kuingia, hakuna wekundu wowote: inaandika `inactive (dead)` na `status=0/SUCCESS`, na maktaba bado haifunguki. Nikiandika amri ileile ya Kiwix moja kwa moja kwenye terminali, inafanya kazi vizuri. Vipi amri moja ishindwe kwa namna mbili tofauti na ifaulu kwa namna ya tatu?

Naomba mnieleze kwa kirefu, kwa sababu ninataka kuelewa na sio kunakili tu. Wapo wanafunzi wawili wa kidato cha tatu ambao ninataka niwafundishe kuitunza mashine hii.

---

Fundi wa Mkoani

Wa alaykum salaam, Maalim.

Mimi ni fundi wa kamera na mitandao, na mashine zangu zote nazimalizia kwa cron (programu inayoendesha amri kwa wakati uliopangwa). Unaandika `crontab -e`, kisha mwisho wa faili unaweka mstari huu:

```
@reboot sleep 60 && /usr/bin/kiwix-serve --daemon --port=8080 /media/mwalimu/MAKTABA/wikipedia_sw.zim
```

Ile `sleep 60` inaipa mashine dakika moja itulie kabla ya programu kuanza. Ni mstari mmoja tu, na hauhitaji kujifunza mambo mengi. Jaribu uone.

---

Msimamizi wa Seva, Mji Mkongwe

Wa alaykum salaam, Maalim. Umeuliza vizuri na umeleta faili lako pamoja na majibu ya mashine, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Nitakujibu kwa kirefu kama ulivyoomba, na ndugu yangu wa Mkoani aniwie radhi nitakapopita kwenye pendekezo lake.

Una makosa mawili ambayo hayahusiani, na kila moja linalificha jingine. Ndiyo maana umeona mashine ikikupa majibu mawili.

Nianze na lile lisilo na wekundu. Neno `--daemon` linaiambia Kiwix ijigawe: mchakato wa kwanza unazaa mtoto, unamwachia kazi, kisha wenyewe unaondoka kwa heri. Hii ni desturi ya zamani ya Unix, na ukiwa kwenye terminali inakufaa kwa sababu unarudishiwa terminali yako. Systemd nayo ina desturi nyengine. Usipoandika `Type`, inachukulia kuwa huduma yako ni ya aina ya `simple`, yaani mchakato ule ulioanzishwa na `ExecStart` ndio huduma yenyewe. Mchakato huo unapoondoka, systemd inaamini kazi imekwisha, tena imekwisha salama kwa sababu umetoka na namba 0. Halafu inasafisha nyumba: kila mchakato uliobaki katika kikundi cha huduma hiyo unauliwa, akiwemo yule mtoto aliyeachiwa maktaba. Hiyo ndiyo `inactive (dead)` yako. Na `Restart=on-failure` haikukusaidia kwa sababu mbele ya systemd hapakutokea kushindwa.

Ipo aina ya `forking` kwa ajili ya programu zinazojigawa, lakini sikushauri uitumie pale ambapo programu inakubali kukaa mbele. Ondoa `--daemon`, uiache Kiwix ikae mbele kama mlinzi aliye mlangoni, na kazi ya kuipeleka nyuma mwachie systemd. Hapo systemd itaujua mchakato wake hasa, itaushika unapoanguka, na maneno yake yote itayaandika katika kumbukumbu.

Sasa lile jekundu. Njia ya faili lako inaanzia `/media/mwalimu/`. Folda hiyo haipo mashine inapowaka. Diski yako ya USB inaunganishwa (mount), yaani inafunguliwa ili isomeke, na mazingira ya dirisha pale unapoingia kwa jina lako, na kwa ajili yako wewe tu. Kwa hiyo mashine ilipowaka alfajiri hakuna aliyeingia, diski ilikuwa imechomekwa lakini haijaunganishwa, Kiwix ikatafuta faili ikalikosa, ikatoka kwa kosa. Systemd ikaiwasha tena kama ulivyoiagiza. Usipoweka `RestartSec`, inasubiri milisekunde 100 tu kati ya jaribio na jaribio, na kwa kawaida inaruhusu majaribio 5 ndani ya sekunde 10. Yakipita hayo inakata tamaa na kukuandikia kuwa umejaribu kwa haraka mno. Majaribio yako matano yalikwisha kabla ya muadhini kushika kipaza sauti.

Ukishaingia, diski inaunganishwa, faili linaonekana, na ndipo kosa la kwanza linapopata nafasi ya kujitokeza. Kwenye terminali hakuna kosa lolote kati ya haya mawili: diski ipo, na hakuna anayemuua mtoto.

Nakuja kwenye dawa. Diski iunganishwe na mfumo wenyewe, mahali pasipotegemea mtu kuingia. Itazame kwa `lsblk -f`, nakili UUID yake (namba yake ya kipekee), tengeneza folda kwa `sudo mkdir /srv/maktaba`, kisha ongeza mstari huu katika `/etc/fstab`, faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa mashine inapowaka, ukiweka UUID yako:

```
UUID=weka-hapa-ya-diski-yako  /srv/maktaba  ext4  ro,nofail  0  2
```

Nimechukulia kuwa diski ni ya ext4. Kama ni ya aina nyengine, badilisha neno hilo. Maneno mawili ya katikati nayasisitiza. Neno `nofail` linauambia mfumo usikwame diski ikikosekana. Usipoliandika, na siku moja mwanafunzi akachomoa waya wa USB, mashine itaisubiri diski kwa sekunde 90 kisha itaingia katika hali ya dharura, ambapo haitafanya lolote mpaka mtu aje na kibodi. Wewe uliye Chake Chake hutakuwa na la kufanya. Neno `ro` linaifanya diski isomwe tu bila ya kuandikwa. Maktaba husomwa, na diski isiyoandikwa haina mengi ya kuharibika umeme unapokatika ghafla. Siku ya kuongeza vitabu, utaifungua kwa `sudo mount -o remount,rw /srv/maktaba`, na ukimaliza utairudisha kwa `ro`.

Baada ya kuandika hayo, iondoe diski pale ilipo sasa kwa `sudo umount /media/mwalimu/MAKTABA`, bila ya kuchomoa waya wake, toa `sudo systemctl daemon-reload`, halafu `sudo mount -a`, na uhakikishe faili zinaonekana katika `/srv/maktaba`. Usiiwashe mashine upya kabla ya hatua hii kufaulu. Kosa ndani ya fstab ni bora uligundue ukiwa umeketi mbele yake.

Kisha itengenezee huduma mtumiaji wake:

```
sudo adduser --system --group maktaba
```

Usipotaja mtumiaji, huduma inaendeshwa na root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine, na sioni sababu ya programu inayosomwa na simu za wanafunzi mia moja kuwa na mamlaka juu ya mashine nzima. Faili la huduma liwe hivi:

```
[Unit]
Description=Maktaba ya skuli
RequiresMountsFor=/srv/maktaba

[Service]
Type=simple
User=maktaba
ExecStart=/usr/bin/kiwix-serve --port=8080 /srv/maktaba/wikipedia_sw.zim
Restart=on-failure
RestartSec=10

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Mstari wa `RequiresMountsFor` ndio roho ya faili hili. Unasema: huduma hii inahitaji njia hii, basi iunganishe kwanza, usubiri iwe tayari, ndipo uiwashe. Hapa ndipo ninapotofautiana na ndugu yangu wa Mkoani. `sleep 60` ni kukisia. Siku diski ikiwa tayari baada ya sekunde 5, umepoteza 55. Siku mfumo unapoikagua diski kwa dakika mbili baada ya umeme kukatika vibaya, sekunde 60 hazitoshi na maktaba haitawaka. Kwa Maalim hata saa nzima isingetosha, kwa sababu folda yake ilikuwa inamsubiri mtu aingie. Zaidi ya hayo, cron inawasha mara moja tu. Programu ikianguka saa nne asubuhi, cron haina habari.

Mstari wako wa `After=network.target` nimeuondoa. Kiwix inasikiliza anwani zote za mashine, na inaweza kuanza kusikiliza hata kabla ya rauta kutoa anwani. Watu wengi huubandika mstari huo kwa mazoea. Huduma inayohitaji mtandao uwe umekwishakamilika hutumia `network-online.target`, pamoja na `Wants` na `After`, lakini wewe huihitaji.

Jambo la mwisho ni tofauti ya `start` na `enable`, kwa ajili ya wanafunzi wako. `start` inawasha sasa hivi na haina kumbukumbu ya kesho. `enable` haiwashi kitu. Inaweka kiungo tu ndani ya folda ya `/etc/systemd/system/multi-user.target.wants/`, na mashine inapowaka na kufikia hatua ya `multi-user.target` inatazama folda hiyo na kuviwasha vyote vilivyomo. Wapeleke wanafunzi wakaione kwa `ls -l`, kwa sababu mtu akishakiona kile kiungo kwa macho yake, neno `WantedBy` linamwelea. Ukitaka yote mawili kwa pamoja, andika `sudo systemctl enable --now maktaba`.

---

Fundi wa Mkoani

Ahsante, kaka. Nimeelimika, na sioni haya kusema hivyo. Mashine zangu ninazozifunga zina diski za ndani, kwa hiyo `sleep` haijawahi kunitupa, lakini lile la programu kuanguka mchana limewahi kunirudisha kwa mteja mara tatu katika wiki moja na sikujua sababu.

Nina swali juu yake. Miongozo mingi niliyojifunzia inataja `/etc/rc.local` na skripti za `/etc/init.d` za kuwashia programu. Hizo zimekufa?

---

Msimamizi wa Seva, Mji Mkongwe

Hazijafa, ila wenyewe wamehama. Fedora ilianza kutumia systemd kama mfumo wake wa kawaida mwaka 2011, na Debian 8 pamoja na Ubuntu 15.04 zikafuata mwaka 2015. Miongozo iliyoandikwa kabla ya hapo bado imejaa mitandaoni, na mingi haina tarehe. Katika Debian 12, `/etc/rc.local` ukiiweka, ukaipa ruhusa ya kutekelezwa na mstari wa kwanza wa `#!/bin/sh`, itaendeshwa, lakini ina upungufu uleule wa cron: haijui huduma yako inahitaji nini wala haiitazami baada ya kuiwasha. Skripti za `init.d` nazo bado zinasomwa kwa njia ya kuzitafsiri. Mimi niliziandika kwa miaka, kila moja mistari themanini au mia, na sehemu kubwa ya mistari hiyo ilikuwa ni kuutafuta mchakato uliojigawa uko wapi. Faili la Maalim lina mistari isiyozidi kumi na tano.

---

Mwalimu wa Wete

Jazaakumullaahu khayran. Nimelisoma jibu mara tatu, kisha nikawaita wale wanafunzi wawili tukalifuata hatua kwa hatua. Tulipofika kwenye kile kiungo ndani ya `multi-user.target.wants`, mmoja wao alisema, "Kumbe ni orodha ya waalikwa." Nimeupenda mfano wake.

Maktaba iliwaka. Tukaizima mashine kwa makusudi kwa kuchomoa umeme, tukairudisha, na bila ya mtu kuingia, simu ya mwanafunzi ikaifungua Wikipedia. Walipiga makofi.

Halafu nikaharibu mwenyewe. Nina faili tatu katika diski na nilitaka zote zionekane, kwa hiyo nikabadilisha mwisho wa `ExecStart` ukawa `/srv/maktaba/*.zim`. Amri hiyo kwenye terminali inafanya kazi. Kwenye huduma inashindwa kila baada ya sekunde 10, na `journalctl -u maktaba` inaniambia kuwa faili linaloitwa `*.zim`, kwa nyota yake, halikuweza kuongezwa. Nimerudisha faili moja kwa sasa.

---

Msimamizi wa Seva, Mji Mkongwe

Maalim, nyota haifunguliwi na Kiwix wala na Linux. Inafunguliwa na ganda, yaani ile programu inayopokea amri zako kwenye terminali, kabla Kiwix haijaanza. Systemd haipiti kwenye ganda. Inachukua maneno ya `ExecStart` kama yalivyo na kumkabidhi mhusika. Kwa sababu hiyohiyo, alama za `>` na `|` na `&&` hazina maana ndani ya `ExecStart`, na mambo uliyoyaweka katika `.bashrc` yako (faili la mipangilio ya ganda) hayasomwi.

Ungeweza kuliita ganda kwa makusudi, lakini Kiwix ina njia bora, nayo ni faili la orodha. Ifungue diski kwa kuandika, kisha kwa kila kitabu toa amri hii:

```
sudo kiwix-manage /srv/maktaba/orodha.xml add /srv/maktaba/jina_la_faili.zim
```

Halafu mstari wako uwe:

```
ExecStart=/usr/bin/kiwix-serve --port=8080 --library /srv/maktaba/orodha.xml
```

Hakikisha faili zote zinasomeka na mtumiaji `maktaba`. `sudo -u maktaba ls -l /srv/maktaba` itakuonesha anachokiona yeye, wala sio unachokiona wewe. Kisha `daemon-reload`, kwa sababu systemd hailisomi upya faili lililobadilika mpaka iambiwe, na `sudo systemctl restart maktaba`.

Nimefurahi kuona umeitazama `journalctl` kabla ya kuuliza. Waoneshe na `journalctl -u maktaba -b`, inayotoa maneno ya tangu mashine ilipowaka mara ya mwisho, na `-b -1`, inayotoa ya safari iliyotangulia. Hiyo ya pili ndiyo utakayoihitaji asubuhi baada ya usiku wa kukatika umeme mara mbili.

---

Mwanafunzi wa Tunguu

Assalaamu alaykum, Maalim. Ninasoma teknolojia ya habari hapa Unguja, na nimelifuatilia suala hili kwa sababu nina nia ya kuweka maktaba kama hiyo katika skuli niliyosomea.

Nilitaka kuuliza, je wanafunzi wako wanaandika `:8080` mwisho wa anwani? Katika jaribio langu, hapo ndipo wadogo walipokwama. Nilipobadilisha ikawa poti 80 (poti ni mlango wa programu kwenye mtandao), ili waandike anwani peke yake, huduma ilikataa kuwaka kwa kukosa ruhusa, na nikalazimika kuirudishia root. Ipo njia nyengine?

---

Msimamizi wa Seva, Mji Mkongwe

Ipo, mwanangu, na root uiondoe leo. Poti zilizo chini ya 1024 kwa kawaida hazifunguliwi na mtumiaji wa kawaida. Badala ya kumpa mamlaka yote kwa ajili ya mlango mmoja, mpe ruhusa hiyo moja. Ndani ya `[Service]` ongeza:

```
AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE
NoNewPrivileges=yes
ProtectSystem=strict
ProtectHome=yes
```

Mstari wa kwanza unampa mtumiaji `maktaba` haki ya kufungua poti ndogo na hakuna zaidi. Wa pili unamzuia asijipatie mamlaka mengine baadaye. Wa tatu unaufanya karibu mfumo wote wa faili uwe wa kusomwa tu mbele ya huduma hii, na wa nne unazificha folda za watumiaji. Maktaba haiandiki popote, kwa hiyo haitaathirika. Hakikisha tu kwamba hakuna programu nyengine, kama Apache, iliyokwishaishika poti 80. `sudo ss -ltnp` itakwambia.

---

Mwalimu wa Wete

Narudi baada ya wiki moja. Vitabu vyote vinaonekana, na nimechukua poti 80 kutoka kwa ndugu wa Tunguu. Kweli wanafunzi wa kidato cha kwanza sasa hawaniiti kila dakika.

Limebaki moja, nalo huenda si la Linux. Nilieleza kuwa "mara nyingi" naikuta kompyuta imewaka. Wiki hii, mara mbili, umeme ulirudi lakini kompyuta nikaikuta imezima kabisa, na mara ya tatu ilikuwa imewaka lakini imesimama kwenye skrini nyeusi ikinitaka nibonyeze F1. Pia nimegundua kuwa saa yake inarudi nyuma miaka kadhaa kila umeme ukikatika.

---

Fundi wa Mkoani

Maalim, hili ni la kwangu, na sikuhitaji kuliona ili nilijue. Ni betri.

Ndani ya kompyuta ya mezani, kwenye ubao mkubwa, ipo betri ya duara mfano wa sarafu, ya volti 3, iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee na kuihifadhi mipangilio ya BIOS (programu ya ubao inayoamka kabla ya Linux) wakati hakuna umeme. Ikifa, kila umeme unapokatika mashine inasahau kila kitu: inasahau saa, na inasahau ule mpangilio wa nini kifanyike umeme ukirudi, ambao kwenye mashine nyingi huanzia katika hali ya kubaki imezima. Na ikigundua kumbukumbu zake zimepotea, husimama na kukuomba F1. Hapo bado Linux haijaguswa, na hata faili la huduma liwe zuri namna gani halitasomwa.

Chomoa waya wa umeme kwanza, ngoja kidogo, fungua ubavu, ibonyeze klipu ya pembeni, betri itachomoka. Chukua mpya, maduka ya saa ya Chake au ya Wete yanazo, ila itazame tarehe na usichukue iliyokaa juani. Ukishaiweka, ingia BIOS, rekebisha saa, kisha tafuta sehemu ya umeme yenye kipengele kinachoeleza mashine ifanye nini umeme unaporudi baada ya kukatika. Chagua iwake. Vilevile kama kipo kipengele cha kusimama pale kibodi inapokosekana, kizime, kwa sababu kompyuta ya maktaba haina haja ya kibodi. Hifadhi, toka, kisha fanya jaribio lako la kuchomoa.

Nakuomba na jambo la pili. Umeme unaporudi huku kwetu mara nyingine huja na nguvu kubwa, kisha hukatika tena baada ya sekunde chache. Weka kilinzi cha umeme kinachochelewesha kuupitisha kwa dakika chache, kile wanachofungia mafriji. Mashine itawaka mara moja umeme ukiwa umetulia, badala ya kuwaka na kuzimwa mara tatu huku diski inazunguka.

---

Msimamizi wa Seva, Mji Mkongwe

Yote aliyoyasema fundi ni sahihi, nami sikuwa nimelifikiria la betri. Naongeza dogo kuhusu saa. Debian yako, ikiwa `systemd-timesyncd` imewekwa, huhifadhi wakati wa mwisho iliyoujua, na mashine inapowaka ikakuta saa iko nyuma ya hapo, huisogeza mpaka wakati huo. Haitakuwa saa sahihi bila ya intaneti, lakini mpangilio wa kumbukumbu zako hautaruka miaka. Betri mpya itamaliza yaliyobaki.

---

Mwalimu wa Wete

Betri nimeibadilisha juzi mchana, na wanafunzi wawili ndio waliofungua ubavu wa mashine. Ya zamani tuliipima kwa mita ya maabara ya fizikia ikatoa volti 1.9. Kipengele cha BIOS tulikipata na tukakiwasha.

Jana usiku umeme ulikatika saa tano na ukarudi usiku uleule, baada ya saa nane kupiga. Leo nimefika skuli saa moja na robo, nikawakuta wanafunzi sita chini ya dirisha la chumba cha kompyuta, ambacho bado kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, wanasoma kwa simu zao.

Kilinzi cha umeme nitakichukua mwisho wa mwezi, inshaallah. Faili la huduma na mstari wa fstab tumeuchapisha kwenye karatasi na kuubandika ukutani, na majina ya wanafunzi wawili chini yake.